Faida ya kimea iko kwenye kuchipua, si kwenye ubichi

Supamaketi kubwa za mijini siku hizi zina rafu ya vyakula vya afya, na kwenye rafu hiyo utakuta pakiti ndogo za biskuti kavu za nafaka iliyochipua. Hazikuokwa. Zimekaushwa polepole kwa joto dogo, na sifa kubwa wanayozipa wauzaji ni kwamba ni mbichi. Pakiti niliyoishika Dar es Salaam haikufika robo kilo, na kwa bei yake ningerudi nyumbani na kilo kadhaa za ulezi kutoka Soko la Majengo hapa Dodoma.

Nimefundisha Sayansi Kimu maisha yangu yote ya kazi, na tangu nistaafu wanafunzi wangu wa zamani hawajaacha kuniletea maswali ya jikoni. Mmoja wao, ambaye sasa ni mama wa watoto, alikuja na pakiti ya namna hiyo mkononi. "Shikamoo mwalimu. Nimeambiwa hizi zinatibu sukari. Nimpe baba?" Nikamjibu: "Marahaba mwanangu. Baba aendelee na dawa alizoandikiwa kliniki. Hiki ni chakula tu, tena chakula kizuri, ila hukuwa na haja ya kukinunua."

Niliyomweleza siku ile nayaandika hapa kwa kirefu, kwa sababu naona tunaelekea kupata hasara mara mbili. Tunanunua kwa bei kali kitu tunachojua kukitengeneza, kisha tunakipenda kwa sababu isiyo yake.

Kitu chenyewe ni kimea. Makabila mengi ya nchi hii yanakijua tangu enzi. Wachaga hawatengenezi mbege bila kimea cha ulezi. Kule Ruvuma na Iringa, kimea ndicho kinachoipa togwa ya asili utamu wake, bila kijiko hata kimoja cha sukari. Huku kwetu kanda ya kati mtama na uwele vimechipuzwa kwa pombe miaka nenda rudi, na magharibi mwa Kenya kimea cha wimbi kinaingia kwenye busaa. Kazi hii ilikuwa ya wanawake, na ilitaka macho makali. Bibi aliyenilea Mpwapwa aliifanya bila saa wala kipimajoto. Nafaka inayochipua hutoa joto lake yenyewe, kwa hiyo kila asubuhi na jioni alichomeka mkono katikati ya lundo lililofunikwa. Akiona joto limezidi, aliipangua nafaka yote, akainyunyizia maji na kuitandaza upya, nyembamba zaidi, ili isivunde.

Ujuzi huo tumewaachia wapika pombe peke yao. Nyumba iliyoacha pombe imeacha na kimea, na waumini wengi wanakiogopa wakidhani kinalevya. Kimea hakilevyi. Kinacholevya ni hatua inayofuata, ya kuchachusha. Kabla ya hapo una nafaka iliyoota, ikaanikwa, ikasagwa, na mtoto wa mwaka mmoja anaweza kuila kwenye uji wake.

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ililiona jambo hili mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wake waliandika juu ya unga wa kimea kwa uji wa watoto. Tatizo la uji huo kila mama analijua. Ukiwa mwepesi, mtoto anajaza tumbo lake dogo maji. Ukiwa mzito, haumezeki. Pika uji wa sembe mzito unaokaribia ugali, uache upoe hadi uwe vuguvugu, tia kijiko cha unga wa kimea na ukoroge. Baada ya dakika chache mwiko unaanza kwenda wenyewe, na uji uliokuwa ukisimama sasa unamiminika, wakati unga uliomo ni uleule. Urudishe jikoni uchemke tena, kisha umpe mtoto. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Kimea peke yake hakimalizi udumavu, lakini nchi yenye tarakimu hiyo haiwezi kukiacha kwenye mtungi wa pombe.

Ndani ya punje kinatokea nini? Punje kavu ni ghala lililofungwa. Wanga, protini na madini vimewekwa akiba kwa ajili ya mche utakaozaliwa, na sehemu kubwa ya madini hayo, chuma na zinki vikiwamo, imeshikwa na kitu kiitwacho fiteti, ambacho utumbo wa binadamu haukivunji vizuri. Maji yanapoingia, punje inaamka na kutengeneza vimeng'enya. Kimoja kinakata wanga kuwa sukari, ndiyo maana kimea ni kitamu na uji unalegea. Kingine kinavunja fiteti na kuyaachia madini. Ulezi una chokaa nyingi kuliko nafaka nyingine zetu, takriban miligramu 340 katika kila gramu 100, na ukichipua chokaa hiyo inafika mwilini kwa urahisi zaidi. Hiyo ndiyo faida, na inapatikana katika siku mbili tatu ambazo nafaka imekaa na unyevu chini ya kitambaa.

Sasa nizungumze na wanaosifu ubichi. Wao husema joto likipita digrii 46 au 48 hivi vimeng'enya hufa, na chakula kinakuwa kimekufa pamoja navyo. Ni kweli vimeng'enya huharibiwa na joto. Lakini vimeng'enya vya punje vipo kwa ajili ya mche, na kazi tuliyoitaka sisi imeshafanyika kabla hatujaisaga nafaka. Vikifika tumboni, asidi ya tumbo huvivunja na kuvimeng'enya pamoja na protini nyingine za mlo ule. Fiteti iliyovunjwa hairudi eti kwa kuwa umeoka. Sukari iliyotokana na wanga haigeuki kuwa wanga tena. Kinachopungua motoni ni baadhi ya vitamini, hasa C, na sisi wa Dodoma tuna mibuyu: glasi ya juisi ya ubuyu pembeni ya biskuti inarudisha vitamini C kwa wingi, na vitamini hiyohiyo inausaidia mwili kufyonza chuma cha nafaka. Chai iwekwe mbali na mlo huo, maana inazuia chuma.

Ubichi, kwa upande mwingine, una hatari ambayo pakiti haziitaji. Unyevu na uvuguvugu unaoiamsha punje unaziamsha pia bakteria zilizojificha kwenye ganda lake. Mwaka 2011 Ujerumani ilikumbwa na mlipuko wa bakteria wa E. coli, watu wapatao 3,800 waliugua na zaidi ya 50 wakafa. Uchunguzi ulifika kwenye shamba moja lililootesha machipukizi ya kuliwa mabichi kwenye saladi, na mbegu iliyohusishwa ni uwatu, uleule tunaoutia kwenye vyakula vyetu. Nchi ile ina maabara, maji safi na wakaguzi, na bado ilitokea. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: tuchipue nafaka, tutengeneze biskuti zake majumbani kwa jua letu, na mwisho wa kazi tuzipitishe motoni.

Namna ninavyotengeneza ni hii. Chukua vikombe viwili vya ngano nzima, ile wanayopikia bokoboko watu wa pwani, na kikombe kimoja cha ulezi. Nunua kwa muuza chakula, usinunue duka la pembejeo, kwa sababu mbegu za kupanda hupakwa dawa ya wadudu na ukungu, na mara nyingi utaziona zina rangi ya waridi au kijani. Dawa hiyo haitoki kwa kuosha. Pepeta kwa ungo, toa punje zilizovunjika na zenye ukungu, kwani punje iliyovunjika haioti, inaoza. Ulezi una mchanga. Uweke kwenye beseni lenye maji, uzungushe kwa mkono, umimine nafaka inayoelea kwenye chombo kingine, mchanga ubaki chini, urudie hadi chini pawe safi.

Loweka kila nafaka kwenye chombo chake, kwa maji ambayo ungeyanywa. Ngano ilale usiku mmoja. Ulezi unataka kama siku nzima, na maji yabadilishwe katikati. Chuja, tandaza kwenye chekeche au kikapu kisafi, funika kwa kitambaa chepesi kilichofuliwa na kukamuliwa, na usuuze asubuhi, mchana na jioni. Kimea kizuri kinanukia tango lililokatwa. Kikinuka uchachu, au ukiona utelezi, au utando wa ukungu wa kijani, mweusi au wa njano, kitupe chote. Kukipitisha motoni hakutakiokoa. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata msiba wa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na watu 20 walipoteza maisha. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Aliyeishi mikoa hii mwaka ule hahitaji kuambiwa mara mbili juu ya ukungu.

Tazama ngano siku ya pili. Ukibandua kitambaa utaona kila punje imetoa vinyuzi vyeupe viwili vitatu upande mmoja, na punje yenyewe imejaa, laini, ukiibana kwa kucha inatoa maziwa mazito. Mzizi ukilingana na urefu wa punje, kazi imekwisha. Ukingoja hadi jani la kijani litokeze, biskuti zitakuwa na ladha ya majani. Ulezi unachukua siku mbili hadi tatu. Kapu zima la punje za hudhurungi linakuwa na vidoa vyeupe, na ukichota kiganjani punje zinashikana kwa vimizizi vyake.

Mtama nimeuacha nje kwa makusudi. Mtama unapochipua, mche na vimizizi vyake hukusanya kiini kinachozalisha sumu ya sayanaidi, jamaa ya ile iliyomo kwenye muhogo mchungu. Bibi zetu hawakuula mbichi. Waliuanika kimea cha mtama hadi kikauke kabisa, wakakifikicha na kukipepeta mpaka mizizi na machipukizi yatoke, ndipo wakakisaga na kukipika. Mtama utumike hivyohivyo, kwenye uji unaochemka, na usiingie kwenye biskuti za kukaushwa kwa jua.

Saga ngano na ulezi pamoja, kwa blenda au kwa kinu na mchi, upate donge zito linalonata. Kinu kinatosha; wengi wanadhani mashine ni lazima, na sivyo. Ongeza nusu kikombe cha ufuta, kijiko cha chai cha chumvi, kitunguu kilichokunwa, maji ya limau na bizari nyembamba iliyotwangwa. Anayependa pilipili atie. Paka sinia mafuta kidogo, weka donge, lowesha mkono na ulisukume hadi liwe jembamba, milimita tatu, si zaidi. Wembamba ndio usalama, kwa sababu kipande kinene hukauka nje huku ndani kikiendelea kuchacha. Chora mistari kwa kisu.

Anika mapema, jua likichomoza, juu ya meza au kichanja, mbali na vumbi la njia na kuku. Funika kwa kipande kipya cha neti kilichoinuliwa kwa vijiti kisiguse donge. Saa sita au saba mchana ukingo wa sinia utakuwa umeanza kuachia, geuza vipande. Jioni viingize ndani, maana umande wa usiku unarudisha unyevu wote. Kati ya Juni na Oktoba, Dodoma ina jua kali, hewa kavu na upepo, na vipande vyembamba hukauka kwa siku moja au mbili. Kikiwa tayari kinakatika kwa mlio, kikijikunja bado. Ndugu zangu wa Tanga, Unguja na Mombasa wenye hewa nzito ya bahari wasijaribu jua la wazi wakati wa masika. Watumie kikaushio cha sola chenye boksi la kioo au karatasi ya nailoni, au oveni tangu mwanzo.

Kisha hatua ninayoishikilia. Panga vipande vilivyokauka kwenye oveni ya moto wa wastani, au kwenye sufuria kavu yenye makaa machache chini na mengine juu ya mfuniko, kwa namna tunayookea keki, kama dakika 15 hadi 20, uvigeuze mara moja. Vinabadilika rangi kidogo na vinanukia njugu. Kama mtu mzima mwenye afya njema ameotesha kwa mikono yake, anaujua usafi wa maji yake, na bado anazitaka mbichi, huo ni uamuzi wake. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee, na mwenye kinga iliyopungua wasipewe mbichi kamwe. Na mgonjwa wa kisukari azile kwa kipimo, kama anavyokula nafaka nyingine, kwa kuwa kuchipua kunaongeza sukari na wala hakuiondoi. Ngano iliyochipua haimfai aliyekatazwa ngano hospitali.

Zihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri. Kwa sababu ya ufuta zina mafuta, kwa hiyo zisikae miezi; nyumba yangu huzimaliza ndani ya wiki mbili. Watoto huzila na maziwa ya mgando au karanga zilizosagwa. Mtoto akitoka shule na njaa, mara nyingi anachokikuta getini ni kaukau, pipi na juisi za rangi. Mama mwenye kopo la biskuti za kimea amempa kitu cha kuuma chenye chuma, chokaa na protini, na kimemgharimu nafaka, chumvi na jua.

Kwa hiyo nina maombi. Kliniki zetu za mama na mtoto hufanya mapishi darasa. Kimea kiwemo katika kila darasa, kwenye uji kwanza, kisha kwenye biskuti. Shule zenye bustani na klabu za lishe ziwape watoto kikombe cha ulezi wauchipue, wauone ukibadilika, waone uji ukilegea mbele ya macho yao. Watajifunza baiolojia, kemia na upishi kwa siku tatu. Kituo cha utafiti cha Hombolo, ambacho kiko hapahapa Dodoma na kinashughulika na mtama, uwele na ulezi, kiwape akina mama aina za ulezi zinazoota sawasawa, siyo zenye mavuno makubwa tu. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka hizi ndogo. Hotuba zilikuwa nyingi. Sahani zimebadilika kidogo sana.

Na vikundi vya akina mama vitakavyotaka kuuza, viende SIDO kujifunza usindikaji na TBS kuthibitishiwa ubora, kwa sababu chakula kilichopitia unyevu siku tatu si cha kuuzwa kwa kubahatisha. Kwenye lebo waandike ukweli: nafaka iliyochipua, ikakaushwa, ikaokwa. Wasiandike kwamba inatibu ugonjwa wowote. Mteja akidanganywa mara moja ataacha na kimea chenyewe, na tutakuwa tumekifukia tena kwa mikono yetu.

Mwanafunzi wangu yule sasa anachipua ulezi wake mwenyewe, na baba yake anakula biskuti mbili na mboga, dawa zake akiendelea kumeza kwa saa. Hivyo ndivyo chakula na dawa vinavyopaswa kukaa katika nyumba moja. Walimu wa lishe mlioko kazini leo, fundisheni hivi: wenye afya na wagonjwa, wenye oveni na wenye makaa, wote wanaweza kupata faida ya nafaka iliyochipua, na hakuna anayelazimika kuhatarisha tumbo lake kwa ajili ya neno lililoandikwa kwenye pakiti.